Roma: Musa na Minyororo ya Petro

Mtu akitoka katika stesheni ya Cavour, pale Roma, ambapo treni hupita chini ya ardhi kama fuko, ataona karibu na barabara ngazi za mawe zinazopanda na kuingia chini ya jumba la kale. Ngazi hizo zina giza, nazo zanuka paka. Mahujaji wengi hawazijui, maana hukazana kwenda Colosseum, isiyo mbali na hapo. Lakini mwenye kuzipanda mpaka juu hutokea katika kiwanja kidogo, na mbele yake lipo kanisa ambalo kwa nje halina la kumvuta mtu. Hilo ndilo kanisa la Mtakatifu Petro katika Minyororo. Lilijengwa katika karne ya 5, na mwenye kulifadhili alikuwa Eudoxia, mke wa Kaisari Valentiniano wa Tatu.

Tulifika huko Oktoba 2025, mwaka wa Jubilei, kundi la watu 23 kutoka parokia za jimbo letu. Nataka kuwasimulia wasomaji habari za kanisa hilo, na za jingine moja lililo nje ya kuta za mji, kuliko habari za Basilika la Mtakatifu Petro, ambalo kila nyumba imeliona katika picha za kalenda. Sababu yangu ni kwamba katika makanisa hayo mawili nililiona swali ambalo kwetu tunaulizana kila siku, ingawa hatulitamki kwa maneno makubwa: Anayetufundisha mambo ya Mungu ameipata wapi haki ya kutufundisha? Je, ameipata kwa sheria, au kwa neema?

Ukiingia ndani utawaona watu wote wanaelekea upande wa kulia. Huko ameketi Musa. Alichongwa kwa marumaru na Michelangelo, yapata miaka ya 1513 hadi 1515, kwa ajili ya kaburi la Papa Julio wa Pili. Kaburi hilo lilikusudiwa kuwa kubwa mno. Likaahirishwa, likapunguzwa, hata lilipomalizika mwaka 1545 lilikuwa dogo kabisa kuliko lile lililowazwa, na Papa mwenyewe hakuzikwa humo. Musa ndiye aliyebaki na sifa. Ameketi, na hata hivyo ni mrefu kupita mtu aliyesimama. Ndevu zake zinashuka kama maji ya maporomoko, na chini ya mkono wa kuume amezishika zile mbao mbili za mawe zenye Amri. Uso ameugeuza upande, kama mwalimu aliyesikia kelele nyuma ya darasa.

Mzee mmoja wa kundi letu, aliyekuwa katekista kwa miaka zaidi ya 40, alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Karani, mbona Musa ana pembe?"

Ni kweli anazo, mbili, fupi, juu ya paji la uso. Habari yake ni hii. Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, chasimulia kwamba Musa aliposhuka mlimani uso wake uling'aa. Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina asili moja na neno la pembe, na Mtakatifu Yeronimo alipoifasiri Biblia kwa Kilatini aliandika kwamba uso ule ulikuwa na pembe. Basi kwa karne nyingi wachongaji wa Ulaya wakamwekea Musa pembe, wakikusudia nuru. Nilimweleza mzee hivyo, naye akaridhika, ila alisema kwamba nyumbani hatawasimulia watoto wa mafundisho, maana wataikumbuka pembe na kumsahau Musa.

Mimi lakini sikuachana na zile pembe. Maana tukisoma vizuri, uso wa Musa haukung'aa aliposhuka mara ya kwanza. Mara ya kwanza alikuta ndama ya dhahabu, akazitupa mbao zikavunjika chini ya mlima. Ndipo akarudi kwa Mungu kuwaombea watu, akaambiwa achonge mbao nyingine mbili, na Mungu akapita mbele yake akijitangaza kuwa ni mwenye huruma na si mwepesi wa hasira. Aliposhuka na mbao hizo za pili ndipo uso ulipong'aa. Basi mwenye pembe ni Musa wa mara ya pili, na mbao alizozishika ni mbao za watu waliokwisha kusamehewa. Wapo walioandika kwamba Musa yule amekasirika kwa ajili ya ndama, na kwamba yu karibu kuinuka azivunje. Mimi naziamini zile pembe kuliko kunjo la uso.

Na hata mbao za kwanza zilitanguliwa na zawadi. Amri Kumi hazianzi na amri. Zinaanza kwa Mungu kuwakumbusha Waisraeli kwamba ndiye aliyewatoa Misri katika nyumba ya utumwa. Aliwavusha bahari kwanza, akawalisha mana, akawapa maji jangwani, na nyuma ya hayo akawapa sheria. Kule Misri hakuwauliza kama wamezishika amri. Wengi wetu tulifundishwa Amri Kumi kwa kuzikariri kama jedwali la kuzidisha, moja mpaka kumi, na ule mlango wa mbele tukauruka bila kuuona.

Kutoka kwa Musa mpaka altare kuu ni hatua chache tu. Chini ya altare hiyo, katika sanduku la shaba iliyopakwa dhahabu lenye kioo, inaonekana minyororo ya chuma, mieusi, mizito, kama ile ya kufungia mbwa mkali. Mapokeo yasema kwamba mmoja ni ule aliofungwa Mtakatifu Petro kule Yerusalemu, na mwingine ni wa kifungo chake Roma, na kwamba ilipowekwa pamoja iliungana ikawa mmoja. Wazee wenye vitabu vya sala vya zamani watakumbuka kwamba ilikuwa na sikukuu yake tarehe 1 Agosti, hata ilipoondolewa katika kalenda ya Kanisa lote mwaka 1960.

Habari ya mnyororo wa Yerusalemu mnaijua kutoka Matendo ya Mitume, sura ya 12. Petro amelala kati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili, na kesho yake ni siku ya hukumu. Malaika anampiga ubavuni, anamwambia avae viatu vyake, na minyororo inaanguka yenyewe. Petro anadhani anaota. Anakwenda mpaka nyumba ya mama yake Yohane aitwaye Marko, anabisha hodi, na yule binti Roda kwa furaha anamwacha nje mlangoni akakimbia kutoa habari! Nimeipenda sana sehemu hiyo tangu utoto. Papa wa kwanza amefunguliwa na malaika wa Mungu, naye anasubiri nje usiku kama mgeni asiyetarajiwa.

Sasa angalieni huyu Petro ni nani. Ndiye aliyepewa funguo, na ndiye aliyemkana Bwana wake mara tatu kando ya moto wa makaa. Bwana alipofufuka alimwuliza mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu alikabidhiwa kondoo. Hakuulizwa kama ameijua Torati, wala hakuonyesha cheti. Alikabidhiwa kazi ya kulisha palepale aliposamehewa. Kwa hiyo Mitume walipokutana Yerusalemu, yapata mwaka 49, kuamua kama watu wa mataifa wanaoamini watatahiriwa na kuwekwa chini ya sheria yote ya Musa, Petro alisimama akasema kwamba hiyo ni nira ambayo wao wenyewe na baba zao hawakuweza kuibeba, na kwamba wote, Wayahudi na wasio Wayahudi, wataokolewa kwa neema ya Bwana Yesu. Mtu aliyesema hivyo alijua uzito wa mnyororo, alijua pia uzito wa deni lililofutwa.

Siku ya pili yake tulipelekwa Laterani, na ng'ambo ya barabara tukaona Ngazi Takatifu. Ni ngazi 28 za marumaru, zimefunikwa kwa mbao, ambazo mapokeo yasema Mtakatifu Helena alizileta kutoka nyumba ya Pilato. Watu huzipanda kwa magoti. Tulizipanda, na mzee katekista alitushinda sote, akafika juu kabla ya vijana. Yasimuliwa kwamba Martin Luther naye alizipanda kwa magoti alipokuja Roma majira ya baridi ya 1510 na 1511, alipokuwa bado mmonaki wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Miaka michache baadaye, mwaka 1517, ukaanza ugomvi uliowagawa Wakristo wa Ulaya, na kiini chake kilikuwa hicho hicho: mtu hufanywa mwenye haki mbele ya Mungu kwa nini?

Nayataja hayo kwa sababu wengi wetu tuna shemeji na wakwe katika KKKT, na maneno yanayosemwa mezani siku za sikukuu si ya kweli kila mara. Wengine husema kwamba Wakatoliki hujinunulia mbingu kwa matendo. Mtaguso wa Trento ulisema wazi, tarehe 13 Januari 1547, kwamba hakuna kitu chochote kinachotangulia, iwe imani au matendo, kinachomstahilisha mtu kupata neema ile ya kwanza. Mtaguso huo huo ulikataza pia kusema kwamba Kristo alitolewa awe Mkombozi wa kutumainiwa tu, asiwe pia mtoa sheria wa kutiiwa. Mwenye kulishika neno la kwanza na kuliacha la pili hajashika mafundisho ya Kanisa, na mwenye kufanya kinyume chake vivyo hivyo. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili, wakikiri kwamba hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya wokovu ya Kristo, bila stahili yetu. Mabishano mengine yamebaki. Lile moja kubwa lakini limepoa, na ni vizuri mashemeji wakaambiwa.

Sasa twende kwa Paulo, maana ndiye aliyekuwa sababu ya safari yangu.

Basilika la Mtakatifu Paulo limo nje ya kuta za zamani, kwenye njia iendayo Ostia, njia ambayo zamani bidhaa zilipita kutoka baharini. Leo hapo ni mtaa wa kawaida, kuna mabasi, nguo zimeanikwa madirishani, na wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani. Ghafla unaona ua mkubwa wenye nguzo pande zote, na katikati sanamu nyeupe ya mzee mwenye ndevu, amejifunika kichwa, ameshika upanga. Ndani kuna nguzo 80 za mawe zimepangwa kama mitende, na juu yake picha za Mapapa wote tangu Petro, kila mmoja katika duara lake. Kanisa la kwanza hapo lilijengwa enzi za Kaisari Konstantino, likapanuliwa mwishoni mwa karne ya 4, likadumu mpaka usiku wa Julai 1823 lilipoteketea kwa moto baada ya mafundi kufanya kazi juu ya paa. Lilijengwa tena, na mwaka 1854 Papa Pio wa Tisa akaliweka wakfu. Michango ilitoka kwa watu wengi. Mtawala wa Misri, Muhammad Ali, ambaye alikuwa Mwislamu, alitoa nguzo za alabasta. Kaisari Nikolai wa Urusi, Mwortodoksi, alitoa mawe ya kijani ya malakiti.

Kaburi lenyewe liko chini ya altare. Unashuka vidaraja vichache, unapiga magoti, na kwa tundu lenye wavu unaona ubavu wa sanduku la jiwe, jiwe gumu lisilochongwa vizuri. Bamba la marumaru la zamani juu yake liliandikwa kwa Kilatini: kwa Paulo, Mtume, Mfiadini. Tarehe 28 Juni 2009 Papa Benedikto wa 16 alitangaza kwamba vipande vidogo vya mifupa vilivyotolewa humo vilipimwa, vikaonekana kuwa vya mtu aliyeishi kati ya karne ya 1 na ya 2. Juu ya kaburi umehifadhiwa mnyororo unaosadikiwa kuwa wake. Naye Papa Leo wa 14, siku mbili tu baada ya Misa ya kuanza kazi yake, alikwenda hapo tarehe 20 Mei 2025. Likasomwa fungu la mwanzo la Waraka kwa Waroma, naye akafundisha juu ya neema, imani na haki. Papa huyu ni wa Shirika la Mtakatifu Augustino, lile lile la Luther wa ujana wake. Na Augustino mwenyewe, anayeitwa Mwalimu wa Neema, alikuwa Mwafrika wa nchi ambayo sasa ni Algeria. Mambo ya Mungu yana njia ndefu.

Sasa nieleze kwa nini naona kaburi hili ni jibu la swali letu. Paulo ndiye Mtume aliyekuwa na haki ya sheria mikononi, tena haki iliyoandikwa. Matendo ya Mitume, sura ya 9, yasema alikwenda kwa kuhani mkuu akaomba barua za kwenda nazo Damasko, ili awafunge waume kwa wake wa Njia ile. Barua zilikuwa halali. Mwenye kuzitoa alikuwa na cheo, na mwenye kuzichukua alikuwa msomi, mtu ambaye baadaye aliwaandikia Wafilipi kwamba kwa kipimo cha sheria hakuwa na lawama. Alipoanguka njiani kwa nuru ile, aliingia Damasko akishikwa mkono kama kipofu. Barua zile hazitajwi kutumika tena.

Na tangu hapo, kila atakapo kufundisha kwa mamlaka, hataji barua. Anapowaonya Waroma katika sura ya 12 wasijikweze, anasema kwamba anasema nao kwa neema aliyopewa. Katika sura ya 15 anasema amethubutu kuwaandikia kwa ujasiri kwa sababu ya neema hiyo hiyo. Kwa Wakorinto vivyo hivyo: ameuweka msingi kwa neema aliyopewa, na jinsi alivyo, yu hivyo kwa neema. Mwenye kulitesa Kanisa amefanywa mwalimu wa Kanisa, na anapoulizwa hati yake anaonyesha deni alilosamehewa. Hiyo ndiyo hati ya Petro pia.

Je, alizitupa sheria? Hata kidogo. Anawaambia Waroma kwamba sheria ni takatifu, na kwamba imani haiibatilishi sheria. Kwa Wagalata anatumia mfano ambao mimi, niliyesomea ualimu chuoni, naupenda kuliko yote. Anasema sheria ilikuwa kama yule mlezi wa watoto. Katika nyumba za Wagiriki na Waroma alikuwapo mtumwa ambaye kazi yake ilikuwa kumchukua mtoto asubuhi mpaka kwa mwalimu, kumlinda njiani, kumwadhibu akizurura, na kumrudisha jioni. Mara nyingi alikuwa na fimbo. Mtoto alimwogopa, na pengine alimshukuru baadaye. Lakini mlezi huyo hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa njia, na njia iliishia mlangoni. Mlezi ambaye angesimama mlangoni akawazuia watoto wasiingie, akisema kwamba yeye anatosha, angekuwa mlezi wa ajabu.

Na nikiwa hapo kaburini nilimkumbuka mtu mwingine, ambaye sanamu yake sikuiona. Waraka kwa Waroma Paulo hakuuandika kwa mkono wake. Alikuwa Korinto, yapata mwaka 57, akausema kwa kinywa, na aliyeshika kalamu aliitwa Tersio. Katika sura ya 16 Tersio anajipenyeza mwenyewe, anawasalimu Waroma kwa jina lake, mara moja tu, kisha anaendelea na kazi. Katika sura hiyo hiyo Paulo anampendekeza kwao mama mmoja, Foibe, mtumishi wa Kanisa la Kenkrea, na wengi husema kwamba ndiye aliyeupeleka waraka huo. Sisi makarani tuna mzee wetu katika Maandiko, na kazi yake ilikuwa kuandika vizuri neno la neema ili liwafikie watu likiwa zima.

Tulipotoka tulikaa uani, kwenye kivuli, karibu na ile sanamu yenye upanga, tukilingoja basi letu. Kulikuwa na mama mmoja wa WAWATA aliyekuwa mkimya tangu asubuhi. Akamwambia katekista:

"Mzee wangu, nakuuliza. Binti yangu anakaa na mwenzake mwaka wa tisa sasa, wana watoto watatu. Kwenye jumuiya aliambiwa mbele za watu kwamba yeye ni mtu wa nje. Tangu siku hiyo hakanyagi kanisani. Jina lake nililiandika nyumbani, nimeliombea pale kwa Paulo. Je, nimekosea?"

"Hukukosea, mama," akajibu mzee. "Lakini wafunge ndoa kwanza. Tukianza kusema neema, neema, nani atafunga ndoa tena? Vijana watatucheka."

"Watafungaje, Mzee, nayo mahari haijaisha? Baba yake amekataa katakata mpaka ng'ombe wawili waliobaki waje. Na kijana hana."

"Sheria ni sheria, mama."

"Sheria ya nani?"

Mzee hakujibu mara moja. Akanigeukia mimi, maana mimi ndiye mwenye kukaa na madaftari ya ubatizo na ndoa, na watu hudhani karani anazijua kanuni zote.

Hiyo niliijua. Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili, iliyoonyeshwa kihalali na watu wasio na kizuizi, na kwamba hakuna uwezo wa mwanadamu unaoweza kuchukua mahali pa ridhaa hiyo. Kanisa halimdai mtu ng'ombe. Hata Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 haiihesabu ndoa kuwa batili kwa sababu mahari haikutimizwa. Mahari ni desturi yetu, nayo ina heshima yake. Baba yule ana haki ya kuhuzunika, na mkwe ana wajibu wa kumwendea kwa adabu. Lakini desturi imesimama mlangoni pa kanisa imevaa kanzu ya sheria, na binti amedhani ni Kanisa linalomkataza. Na kuhusu kuitwa mtu wa nje: amebatizwa. Komunyo hawezi kupokea akiwa katika hali ile, huo ni ukweli na asidanganywe. Lakini Misa ni yake, sala za jumuiya ni zake, na mapadre wana wajibu wa kumtafuta.

Nilieleza na mengine, kwa kuwa basi lilikuwa limechelewa. Watu wengi vijijini hudhani kwamba maskini asiyelipa michango hana haki ya Sakramenti wala maziko. Kutegemeza Kanisa ni wajibu kweli, ni mojawapo ya Amri za Kanisa, nami sitaki kusikia kwamba nimewafundisha watu kukwepa zaka. Lakini kanuni ya 848 yaagiza kuangalia daima wahitaji wasikose msaada wa Sakramenti kwa sababu ya umaskini, na ya 1181 yaagiza maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia iliyo sawa aweza kumbatiza, hata asiye Mkristo. Sheria yenyewe inajiondoa njiani ili neema ipite. Na kanuni ya mwisho kabisa, ya 1752, ambayo inahusu kuhamishwa kwa maparoko, jambo ambalo watu wachache watalisoma, inamalizia kwa kukumbusha kwamba wokovu wa roho za watu lazima uwe daima sheria kuu katika Kanisa. Waliokitunga kitabu kile waliliweka neno hilo mwisho, mahali ambapo mtu hufika akiwa amechoka na amri 1751.

"Hiyo ya ndoa ni namba ngapi?" mzee akauliza.

"Elfu moja hamsini na saba."

"Iandike. Nitamsomea baba yake mwenyewe. Ananijua, nilimfundisha Kipaimara."

Mama akafungua mkoba, akatoa kile kipande cha karatasi chenye jina la binti, akakigeuza upande wa nyuma usioandikwa. Nikaandika juu ya goti: vyeti vya ubatizo vya wote wawili, kwenda kwa paroko, matangazo, mashahidi wawili. Mzee alikuwa ameinama anasoma kila mstari.

"Umesahau mafundisho," akasema. "Mafundisho hayaachwi, Karani. Andika: mafundisho, jioni, kwao nyumbani. Mimi nitakwenda."

Nikaandika. Basi lilifika saa kumi na moja kasoro, na dereva akapiga honi.